Maswali ya Wasomaji: Mimea Inayoota Penye Shaba na Risasi

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaishi Lubumbashi, upande ambao moshi wa tanuri la zamani la kuyeyushia shaba ulikuwa ukielekea. Karibu nasi kuna eneo ambalo miti yake ilikufa kabla sijazaliwa, na siku hizi panaota nyasi fupi pamoja na maua madogo ya zambarau. Wazee husema kwamba ua hilo ni alama ya shaba. Pembeni mwa eneo hilo nimelima lengalenga, yaani mchicha, nayo inastawi vizuri. Je, wazee wanasema kweli? Na kwa kuwa mimea imerudi, ardhi yetu imepona? *Mama wa watoto wanne, Lubumbashi*

JIBU: Mama, kuhusu ua wazee wako wanasema kweli kabisa. Kwa maelezo yako, inaelekea ni *Haumaniastrum katangense*, mmea wa msimu mmoja ulio wa jamii moja na mrehani na kivumbasi. Ndugu yake mwingine, *Ocimum centraliafricanum*, alitumiwa na watafutaji wa madini huko Zambia na Zimbabwe katikati ya karne iliyopita, kwa sababu kila alipoota kwa wingi palikuwa na matumaini ya kukuta shaba chini. Wanaakiolojia nao walifuata *Haumaniastrum* huko Katanga na kugundua mahali ambapo wahunzi wa kale, wale waliofua misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya wakoloni, walikuwa na matanuri yao. Tanuri lilikwisha kubomoka na kusahauliwa, lakini shaba iliyomwagika ilibaki udongoni, na ua likaendelea kuota papo hapo.

Udongo wa kawaida huwa na miligramu 20 hadi 30 hivi za shaba katika kila kilo moja, ilhali kwenye vilima vya shaba vya Katanga kiasi hicho chaweza kupita miligramu 10,000. Mimea mingi haiwezi kuishi hapo, kwani shaba huizuia ncha ya mzizi isirefuke, na mmea hunyauka kwa kiu na njaa hata kama udongo una maji. Mimea michache iliyozoea mazingira hayo kwa vizazi vingi sana ndiyo inayobaki, na baadhi yake, takriban spishi 30, haijulikani kuota mahali pengine popote duniani. Inaniuma kusema kwamba vilima hivyohivyo ndivyo vinavyochimbwa kwanza, na kilima kikiisha mimea yake huisha nacho, isipokuwa pale ambapo mbegu zimekusanywa na udongo wa juu umehamishwa mapema.

Eneo lako, hata hivyo, si kilima cha asili. Tanuri la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake wenye salfa ulichoma majani ya miti ya miombo huku vumbi lake likishusha shaba, zinki, risasi, kadimiamu na aseniki juu ya ardhi. Upepo unaotoka kusini-mashariki ulipeleka sehemu kubwa ya vumbi hilo upande wa Penga Penga. Miti ilipokufa, mvua ikachukua udongo wa juu, na ardhi ikabaki tupu. Nyasi fupi unazoziona huenda ni *Microchloa altera*, ambazo zilianza kurudi zenyewe na ambazo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamezipanda kwa makusudi huko Penga Penga baada ya kuchanganya udongo na chokaa na mboji.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Hapana, ardhi haijapona. Metali haiozi wala haiungui. Ilichoweza kufanya nyasi hiyo ni kuishi juu ya sumu na kuishikilia isipeperuke, na hilo peke yake ni faida kubwa, kwa hiyo msiing'oe wala msiichome moto.

Lengalenga yako ndiyo inayonitia wasiwasi, na naomba unisome kwa makini hapa, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mboga yenye afya haiwezi kumdhuru mlaji. Kwa shaba na zinki dhana hiyo ina ukweli fulani: metali hizo zikizidi, aghalabu mmea hudumaa na kugeuka manjano kabla majani yake hayajafikia kiasi cha kumdhuru binadamu. Kadimiamu haina tabia hiyo. Mmea huivuta hadi kwenye majani ukabaki wa kijani kibichi na kunawiri, huku mlaji wa kila siku akiilimbikiza katika figo zake kwa miaka mingi. Risasi kwa upande wake hukwama zaidi udongoni na mizizini, lakini huingia nyumbani kwa njia ya vumbi lililotua juu ya majani. Vumbi hilo si jambo dogo: vipimo vya zamani vya mimea ya Katanga vilionyesha shaba na kobalti nyingi ajabu ndani ya majani, na baadaye watafiti walipoyaosha majani hayo kwa uangalifu kabla ya kuyapima, sehemu kubwa ya kiasi hicho ikawa imeondoka pamoja na maji ya kuoshea.

Ushauri wangu ni kwamba uihamishe bustani yako. Kama huna mahali pengine, inua tuta lenye kina kisichopungua sentimita 30 kwa udongo ulioletwa kutoka mbali na eneo hilo, ongeza mboji na chokaa, kwa maana udongo wenye uchachu mwingi huiachia kadimiamu kwa urahisi, kisha panda nyanya, bamia au mahindi badala ya mboga za majani. Osha kila mboga kwa maji zaidi ya mara moja. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na viatu vya shambani vibaki nje ya nyumba.

SWALI: Nimesoma kwamba ipo mimea inayokula metali. Kwa nini tusiipande kwenye maeneo yote yaliyochafuliwa na migodi ili isafishe udongo? *Mwanafunzi wa kilimo, Morogoro*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, mimea hiyo ipo kweli. Katika visiwa vya New Caledonia, Bahari ya Pasifiki, kuna mti uitwao *Pycnandra acuminata* ambao ukiukata gome hutoa utomvu wa rangi ya buluu-kijani, na utomvu huo ukikauka, takriban robo ya uzito wake ni nikeli. Habari zake zilitangazwa mwaka 1976. Ulaya kuna kimmea kidogo, *Noccaea caerulescens*, kinachoweza kuweka zinki ikafika asilimia moja ya uzito wa majani yake makavu. Spishi za namna hii zinazojulikana zimepita 700, na nyingi kati yake hukusanya nikeli. Mmea wa aina hiyo huipandisha metali haraka kutoka mizizini, huifunga kwa asidi za ogani, kisha huifungia katika vifuko vya maji vilivyomo ndani ya seli za majani, mbali na sehemu zinazofanya kazi ya uhai. Mimea mingi mingine inayostahimili metali hufanya kinyume chake, yaani huizuia isivuke mizizi. Tofauti hiyo ishike vizuri, kwa sababu mmea unaostahimili na mmea unaokusanya si kitu kimoja.

Tatizo ni hesabu. Chukua hekta moja yenye miligramu 1,000 za zinki kwa kilo ya udongo. Tabaka la juu la sentimita 20 lina uzito wa tani 2,600 hivi, maana yake kuna kilo 2,600 za zinki. Ukivuna tani tano za majani makavu kila mwaka, na tani tano ni mavuno makubwa kwa kimmea kama hicho, zikiwa na asilimia moja ya zinki, umeondoa kilo 50. Utahitaji zaidi ya miaka 50 kuimaliza yote, na kila mwaka utabaki na rundo la majani yenye sumu ambayo mbuzi wa jirani hapaswi kuyagusa. Kwa mabaki ya migodi, mimi ninaona kwamba kufunika ardhi kwa nyasi zinazozuia metali kuna manufaa makubwa zaidi kwa watu wanaoishi hapo leo.

SWALI: Karibu na nyumba yetu palikuwa na mahali pa kuyeyushia betri za magari. Pamefungwa, lakini udongo umebaki. Kuna mtu ametushauri tupande alizeti, eti ndizo zilizosafisha Chernobyl. *Baba, Mombasa*

JIBU: Baba, alizeti zilijaribiwa kweli karibu na Chernobyl, kule Ukraine palipolipuka kinu cha nyuklia, katika miaka ya 1990, lakini zilielea juu ya bwawa, mizizi ikining'inia majini, na zilikuwa zikivuta metali za seziamu na stronti zenye mnururisho. Risasi iliyomo udongoni ni jambo jingine, kwani hushikamana na chembe za udongo kiasi kwamba mizizi huipata kidogo mno. Zipo kemikali za kuilegeza, lakini risasi iliyolegezwa huweza kushuka na maji hadi kisimani. Msipoteze misimu mkingojea alizeti. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na hatari kubwa ni vumbi linaloingia kinywani kwa mikono. Funikeni udongo kwa nyasi nene, kokoto au saruji, pigeni deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, na watoto wapimwe damu. Mkazo wangu uko kwenye kipimo hicho kuliko kitu kingine chochote.

SWALI: Huku Geita shamba letu la mpunga liko chini ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, hutiririka mvua inaponyesha. Mpunga unakua bila shida. Tuwe na hofu? *Mkulima, Geita*

JIBU: Ndiyo, na hofu hiyo iwasukume kuchukua hatua. Marudio hubeba zebaki iliyotumika kunasa dhahabu, na shamba la mpunga lililojaa maji huwapa bakteria mazingira ya kuigeuza zebaki hiyo kuwa aina mbaya zaidi, methili-zebaki, inayoharibu mfumo wa neva, hasa wa mtoto aliye tumboni. Huko Wanshan nchini China, palipochimbwa zebaki kwa muda mrefu, ilithibitika kwamba punje za mchele hukusanya aina hiyo, ingawa mpunga wenyewe hauonyeshi dalili yoyote. Mimi sijui mmea wa shambani unaoweza kuimaliza zebaki udongoni, kwa hiyo chimbeni mtaro wa kuyakinga na kuyaelekeza pembeni maji yatokayo mwaloni kabla ya masika, na katika eneo lililokwisha kuguswa na marudio pandeni zao la nchi kavu lisilohitaji kufurikishwa, kama mahindi au pamba, wakati mkiomba ofisi ya mazingira ya wilaya ipime udongo na mchele wenu. Samaki wa bwawa lililo chini ya mwalo huo msiwape wajawazito.