Muhogo wa chupa hautoi wanga

Swali: Salaam alaykum mwalimu. Niko Ganda, Malindi, nna ekari moja ya muhogo na batobato, ule ugonjwa wa virusi vya muhogo, imeimaliza. Kuna kijana ameniambia nikinunua vifaa vyake vya tishu kalcha, yaani kuotesha miche ndani ya chupa, ntatoa wanga ndani ya chupa bila kulima. Nianze na chupa ngapi?

Jibu: Wa alaykum salaam dada yangu. Usianze hata na moja. Swali hili naulizwa kila mara na linaniuma, maana wengi huja kuuliza pesa zishatoka.

Hebu itazame hiyo chupa. Mche ni urefu wa kidole, mizizi yake nyuzi nyuzi nyeupe, muhogo wenyewe haupo. Tena unalishwa sukari, gramu 20 mpaka 30 kwa kila lita ya agari, ile jeli inayooteshewa mche, kwa hivyo hata sukari yote ingegeuka wanga, bado umenunua kitu ghali utoe kitu rahisi. Shambani majani ndio yanatengeneza hiyo sukari kwa jua, inashuka mizizini inawekwa akiba ikiwa wanga, miezi 8 mpaka 12. Muhogo mbichi robo yake hivi ni wanga, na kuutoa ni kuparuza, kukamua kwa maji, kuchuja kwa kitambaa, uuache utuame. Ni kazi ya jikoni hiyo.

Tishu kalcha ni ya mbegu. Inakatwa ncha ya chipukizi, nusu milimita hivi, pale ambapo mara nyingi virusi havijafika, ndio unapata mche safi wa kuzalisha.

Na hapo ndipo wanapodanganya watu zaidi, ati mche wa chupa haushikwi na batobato. Jamani, usafi sio kinga! Inzi weupe wakitoka kwa muhogo mgonjwa wa jirani wakatua kwako, mche wako utashikwa vile vile. Kinga iko kwa aina ya mbegu, kwa hivyo ng'oa yote iliyougua, usikate pingili hapo, halafu nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kule Mtwapa uulizie mbegu kama Tajirika ama Shibe.

Na yeyote anaekuuzia miche ya chupa, muulize ilipimwa virusi wapi na ilizoezwa nje wiki ngapi, maana ukiutoa chupani ukaupanda moja kwa moja kwa jua letu hili la saa saba, kufika alasiri ushalala. Akianza kubabaika, usimlipe.