Namba ya siri ipi? Kwa vijana wanaochomeka modemu

Juzi jioni nimepita dukani kwa jamaa yangu pale Mwanga, Kigoma, nikakuta vijana wawili wa fildi wameinamia laptopu moja, jasho linawatiririka. Kuna nini? "Modemu haisomi, kaka. Tunapiga Ubuntu upya." Upya! Mfumo mzima wa kompyuta, mara ya tatu siku hiyo hiyo. Nikavuta kigoda, nikaandika lsusb, amri ya Linux inayoorodhesha vilivyochomekwa kwenye USB, nikaona 12d1:1446, yaani modemu bado inajifanya CD, nikacheka mpaka mwenye duka akanitazama vibaya. Kaka yenu naandika haya kwa sababu kosa hilo nimelifanya kabla yenu, pamoja na mengine mabaya zaidi, na sioni haja ya kila mtu kulilipia nauli yake.

1. Soma kwanza, ndipo uguse. Fungua dmesg -w, usome kerneli (kiini cha Linux) inasema nini, halafu ndiyo uchomeke. Hizi Huawei za zamani, E173 na ndugu zake, zikiingia zinajitambulisha kama CD yenye programu za Windows. Kerneli haina kosa, inaikabidhi kwa usb-storage, draiva ya diski, na wewe unaona sr0, yaani CD, imezuka. Kazi ya programu ya usb_modeswitch ni kuiambia ivue hilo joho. Ikivua, 1446 inageuka 1001, au 1436, au namba nyingine ya ukoo huo, draiva ya modemu iitwayo option inaingia, na zinajitokeza ttyUSB0, 1 na 2, yaani malango ya kuongea na modemu. Zisipojitokeza, achana kabisa na APN (jina la lango la mtandao wa simu), achana na wvdial (programu ya kupigia mtandao), na hiyo flashi ya Ubuntu irudishe mfukoni.

Sisi wa zamani tulikuwa na udhuru. Debian niliyokuwa nayo haikuwa na usb-modeswitch ndani, na kuipata kulihitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo ninayoitafuta. Kwa hiyo: daladala kutoka Ujiji hadi mjini, kafe ya barabara ya Lumumba, pakua .deb (kifurushi cha programu), rudi Ujiji, kisakinishe kwa dpkg -i, inadai kifurushi kingine. Panda tena. Siku moja nimekwenda mara tatu kwa ajili ya libwvstreams, kifurushi kinachodaiwa na wvdial, konda akaniuliza kama nina mgonjwa mjini. Ninyi mna simu za kugawa intaneti kwa waya, na bado mnapiga Ubuntu upya.

2. "Permission denied" kwenye ttyUSB0 ni kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa modemu. Jiongeze humo, toka, ingia tena. Si kila kitu ni sudo (kujipa mamlaka ya mkuu wa mfumo).

3. Ikiwa lsusb inaonyesha 12d1:14dc, hiyo ni HiLink. Haina haja ya kupigiwa simu: inajileta kama kadi ya mtandao, unachukua anwani kwa DHCP, yaani unagawiwa bila kuiandika, na kufungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Kuiandikia wvdial.conf ni kumpigia mtu hodi na mlango uko wazi.

4. Namba ya siri. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2014 alinijia mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Mwanawe anakwenda chuo, amemnunulia laptopu, nimwekee na mtandao. Akachomoa laini yake kwenye kitochi akanipa, kwa kuwa ndiyo ilikuwa na bando. Nikaichomeka kwenye modemu, nikauliza AT+CPIN? (amri ya kuuliza laini inadai namba gani), ikajibu SIM PIN. Nikamwambia, "Mama, inadai namba ya siri." Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea sikioni na kuninong'oneza tarakimu nne.

Jamani. Kunong'ona kule kulitosha. Nani ananong'ona namba ya kufungulia laini?

Mimi nilikuwa najisifia skripti yangu. Ndani ya faili ya chat, orodha ya amri za kuipa modemu, nimeweka AT+CPIN yenye zile tarakimu nne, na nje nimeizungushia kitanzi cha shell: pppd, programu ya kuunganisha, ikishindwa, lala sekunde 10, jaribu tena, mpaka ikubali. Nikabonyeza Enter, nikaenda kumimina chai. Namrudia modemu, namuuliza tena AT+CPIN?, ananijibu SIM PUK, yaani PIN imefungwa na sasa anataka namba ya kuifungulia. Nafasi za PIN ni tatu. Kitanzi changu kilizimaliza kabla sijatia sukari.

Laiti ningeishia hapo. Mama alikuwa na kopo la vitu vyake, ndani yake vile vibao vya plastiki vya laini, vitatu, vyote vya rangi moja. Nikachagua kilichoonekana kipya. Tarakimu nane za PUK. Na sasa sikilizeni fundi: nikazitia mle mle ndani ya skripti, pamoja na PIN mpya, nikawasha kitanzi kile kile, "ili nisisumbuke kuandika". Simu yangu ikaita, mtu ana printa yake imekwama, nikatoka nje kuzungumza. PUK inasamehe mara 10. Mara 10 kwa kila sekunde 10 na ushee, pigeni hesabu wenyewe. Niliporudi, kila nilichouliza kuhusu laini kilijibiwa ERROR. Laini imekufa. Kibao kilikuwa cha laini ya zamani aliyokwisha kuiacha.

"Tayari, baba?" anauliza.

"Bado kidogo, mama."

Nilisema bado kidogo kwa muda wa nusu saa. Nilikuwa naangalia skrini tu, sifanyi lolote.

Namba ile ndiyo waliyokuwa nayo wenye mitumbwi, na wanunuzi wake wa Tabora na Dodoma. Pesa zake za kununulia mzigo zilikuwa humo humo kwenye simu. Hazikupotea, maana hazikai kwenye kipande cha plastiki, lakini kuzifikia ilibidi apate laini mpya ya namba ile ile, na hiyo hapewi fundi, anapewa mwenyewe na kitambulisho chake. Tulikaa foleni kutwa nzima, yeye mbele, mimi nyuma nimembebea mkoba. Siku hiyo mitumbwi ilikuwa imeshusha vizuri na dagaa walikuwa bei ya chini. Wenzake walinunua.

Kwenye foleni ndipo nikamweleza. Akashangaa kweli kweli: "Mimi nimekupa ya pesa. Si ndiyo uliyoniuliza?" Ya laini hata hakuwa anaijua, mwanawe ndiye aliyeiweka, na ndiye aliyekuwa akimwashia simu ikizima. Nikamwomba akipata laini tu abadilishe ile ya pesa palepale, maana sasa naijua. Hakunigombeza. Alichofanya kwa miaka miwili ni kunitambulisha kwa watu, "Huyu ndiye fundi aliyeniulia laini", na akinikopesha migebuka anaongeza, "Usije ukaifunga na hii."

Basi: AT+CPIN? ikijibu READY, endelea. Ikijibu SIM PIN, rudisha laini kwenye simu ya mwenyewe, aizime PIN humo kwa mkono wake, ndipo uilete. PIN haiwekwi ndani ya kitanzi. PUK haiwekwi popote ila mkononi mwa mwenye laini. Na uliza "ya laini au ya pesa?" Akinong'ona, ziba masikio.

5. Ukiona herufi zinapotea kwenye minicom, programu ya kuongea na modemu kwa kuandika, majibu nusu nusu, ni ModemManager, msimamizi wa modemu wa Linux, naye anaongea na lango hilo hilo. Msimamishe kwanza.

6. AT+CSQ, kipimo cha nguvu ya mawimbi, inakwenda mpaka 31. 99 maana yake haijui. Ukipata 5 ndani ya nyumba ya tofali za kuchoma, usiulaumu mtandao, nunua waya wa USB upeleke modemu dirishani. Mfupi. Waya mrefu wa bei chee unakula umeme, na modemu ikitaka kuvuta kwa nguvu inajikata na kurudi kama ttyUSB3, na wewe umeandika ttyUSB0. Nimewahi kulala saa nane usiku kwa hili.

7. Imeunganika lakini kurasa hazifunguki? Soma logi ya pppd. Ikisema "not replacing existing default route", njia ya wifi bado ndiyo inayotumika: kata wifi. Kama ping 8.8.8.8 inajibu na majina hayajibu, umesahau usepeerdns, mpangilio wa pppd unaochukua DNS (watafsiri majina) za mtandao.

8. Bando la mteja si lako: kwa nmcli weka connection.metered yes, kompyuta ijue intaneti ni ya kupimwa, kabla ya masasisho hayajaamka.

Wale vijana wawili tulimaliza nao kwa dakika kumi, na nane kati ya hizo zilikuwa za mimi kusimulia. Nimewaachia flashi yangu yenye zile .deb zote. Ni ya GB 4, ina uzi wa bluu. Naitaka Ijumaa.