Maswali na majibu: Picha za kutisha na wanaozichapisha

Kwa nini Kevin Carter, mpigapicha wa habari wa Afrika Kusini, alimpiga picha yule mtoto aliyenyemelewa na tai badala ya kumsaidia?

Swali hili haliishi kuja, na mara nyingi anayeliuliza hajaitazama picha yenyewe. Itazame. Mkononi mwa mtoto kuna bangili ya plastiki, ya kituo cha chakula. Ni Ayod, Sudan Kusini ya leo, Machi 1993, na kituo cha Umoja wa Mataifa kilikuwa jirani. Lenzi ndefu huvuta vilivyo mbali na kuvibananisha, kwa hiyo ndege anaonekana karibu kuliko alivyokuwa. Carter alieleza kwamba alimfukuza. Mwaka 2011 waandishi wa Hispania waliifikia familia: mtoto alikuwa wa kiume, na njaa ile haikumuua.

Simsafishi Carter. Angeweza kumbeba. Ila mimi mkuki wangu nauelekeza kwa wahariri. New York Times waliichapisha tarehe 26 Machi bila neno lolote kuhusu kilichompata mtoto baada ya kamera kushushwa. Wasomaji wakauliza, na siku chache baadaye gazeti likalazimika kuweka ufafanuzi. Picha ya namna hii bila maelezo ya nani, wapi na nini kilifuata ni kazi nusu, hata ikipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kama ilivyopata hii mwaka 1994.

Na acheni kusema Carter alijiua kwa sababu ya picha hiyo. Barua aliyoiacha Julai mwaka huo ilitaja madeni, kumbukumbu za mauaji na za watoto wenye njaa, na rafiki yake Ken Oosterbroek, mpigapicha aliyeuawa kwa risasi miezi mitatu nyuma. Mtu hafi kwa sababu moja ili ninyi mpate kisa kizuri cha kusimulia.

Nikiigeuza picha ya maiti iwe nyeusi na nyeupe, si inapoa?

Umeondoa wekundu tu. Maiti bado ipo.

Uso nimeuwekea ukungu. Inatosha?

Haitoshi, na nimechoka kulijibu hili. Mama humtambua mwanawe kwa shati, kwa kovu la goti, kwa viatu alivyomnunulia mwenyewe. Ikuze picha mpaka mwisho, kisha pitisha jicho kona hadi kona: kitambulisho kinachoning'inia shingoni, namba ya pikipiki, jina lililoandikwa kwenye begi. Tazama na vioo vya magari. Uso ulioufuta upande huu unaweza kuwa unaonekana wote kwenye kioo cha upande ule. Halafu kuna swali linalotangulia ukungu: ndugu wameshaambiwa? Kama hujui, subiri. Marehemu haendi popote.

Familia ikikubali, bado kuna ubaya?

Inategemea nani kaanza. Mwaka 1955 Emmett Till, kijana wa miaka 14, aliuawa kikatili Mississippi kwa sababu ya rangi yake. Mama yake, Mamie, aliagiza jeneza liachwe wazi Chicago ili watu waone mwanawe alivyofanywa, na jarida la Jet likachapisha picha. Zilitikisa Marekani nzima. Uamuzi ulikuwa wa mama, akiwa anajua anachotaka kionekane na kwa nini. Ruhusa unayoiomba kwenye mlango wa chumba cha maiti, mtu akiwa bado analia, usiilinganishe na hiyo. Rudi kesho umuulize tena.

Kwa nini magazeti ya Magharibi huonyesha maiti zetu na kuficha zao?

Kwa sababu mhariri hatarajii wafiwa wetu kuwa wasomaji wake. Januari 2019, baada ya shambulio la DusitD2 jijini Nairobi lililoua watu 21, New York Times walichapisha picha ya miili ya watu mkahawani. Wakenya walichachamaa, Baraza la Vyombo vya Habari likataka iondolewe, gazeti likakataa. Sasa linganisha na picha ya Richard Drew ya mtu akianguka kutoka kwenye majengo yaliyoshambuliwa ya New York, Septemba 2001. Haina hata tone la damu. Magazeti mengi ya Marekani yaliichapisha mara moja, wasomaji wakalalamika, ikafungiwa kabatini.

Lakini tusijitie utakatifu. Picha mbaya kuliko ya mkahawani hupita kwenye makundi yetu ya WhatsApp kila basi linapopinduka, na wanaozituma huandika “poleni sana” chini yake.

Basi si zipigwe marufuku zote?

Hapana. Juni 1972, huko Trang Bang, Vietnam, msichana mdogo alipigwa picha akikimbia uchi, ameungua kwa napalm, mafuta mazito ya moto yanayotumika katika mabomu. Shirika la habari la AP lilikuwa na kanuni dhidi ya uchi, na Horst Faas, mhariri wa picha Saigon, alishikilia kwamba itoke. Alikuwa sahihi: uchi ule ulikuwa ndiyo habari, nguo zilikuwa zimeungua. (Nani hasa aliipiga ni ugomvi mwingine. AP wanaendelea kumtaja mpigapicha wao Nick Ut. World Press Photo, waandaaji wa shindano la picha za habari, walisitisha kumtaja mwaka 2025.) Mwaka 2016 Facebook waliifuta kama picha ya mtoto uchi, mhariri wa gazeti la Aftenposten la Norway akapiga kelele, wakairudisha. Marufuku ya jumla hufanya hivyo hivyo. Haisomi.

Nimepita kwenye ajali nikapiga picha nyingi. Nizipeleke wapi?

Kwa wanaochunguza ajali. Wape faili za awali, bila kukata wala kupaka rangi, maana zina saa na pengine mahali. Watakaozihitaji zaidi ni zile ulizoziona hazina mvuto: alama za matairi, namba za magari, taa zilizokuwa zimezimika. Za majeruhi usimtumie mtu mwingine yeyote, na shemeji yako yumo.