Waliponipa shikamoo, nikajua kazi nimeikosa

Juzi msomaji wa Mwanza kanitumia CV yake na swali: “Kaka, nina miaka 44, nifute mwaka wa kuzaliwa?” Nikacheka, halafu nikanyamaza. Hata mimi niliwahi kuufuta.

Nilikuwa na miaka 47. Kampuni moja ya malipo kwa simu hapa Dar ikaniita kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu. Naingia tu, vijana watatu wakasimama: “Shikamoo mzee.” Nikaitikia marahaba, na palepale nikajua kazi imeota mbawa. Nani anampa shikamoo mtu ambaye kesho atamtuma arekebishe fomu? Mmoja akanivutia kiti, mwingine akanipa pole ya ngazi. Kuhusu programu waliniuliza maswali mawili tu. La mwisho: “Mzee, kasi ya vijana utaiweza?” Baadaye wakaandika kwamba wanatafuta mtu anayeendana na timu. Bado inaniuma, nisidanganye.

Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa ya madeni.

Kisha SACCOS moja ikaniita. Mwanachama kaweka elfu hamsini, salio linasoma laki. Programu yao iliangalia kwanza kama namba ya muamala ipo, isipokuwepo, inaandika. Sasa mtandao wa simu usipojibiwa mapema hutuma taarifa ileile tena. Zikiingia kwa pamoja, kila moja inakuta patupu, zote zinaandikwa. Nikaweka sharti kwenye kanzidata, yaani pale programu inapohifadhi kumbukumbu zake: namba ya muamala isijirudie. Mstari mmoja! Vijana walikuwa wamehangaika wiki mbili. Mimi nyoka huyo alishanigonga mwaka 2009.

Kwa hiyo wenzangu, jifunzeni. Python, lugha ya kuandikia programu, nimeianza nikiwa na miaka 45, usiku, watoto wamelala. Acheni kulalamikia “vijana wa siku hizi”, jifunzeni. Na sheria muijue: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa umri, hata wakati wa kuajiri. Kuthibitisha ndiyo shughuli, maana hakuna anayekuandikia “umezeeka”. Wanaandika “timu”.

Wewe wa Mwanza, mwaka wako urudishe. Ila hiyo Visual Basic 6, lugha ya programu ya zamani, uliyoiweka juu kabisa, kabla hata ya jina la chuo, ishushe chini.