Shangazi, mchungaji alinipigia Ijumaa sikupokea

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanakwaya kwenye usharika mmoja wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huku Moshi vijijini. Leo ni wiki tatu kamili tangu mchungaji wetu aanguke, ilikuwa Jumamosi jioni ametoka kutusikiliza mazoezi, hakufika hospitali. Ijumaa yake alinipigia simu nikaiona nikasema ntampigia baadae, sikumpigia. Tangu tumzike sijaingia ibadani. Watu wananiambia usilie ni mapenzi ya Mungu, wengine wanasema kalishwa kitu, na mzee mmoja wa kanisa keshaanza kuuliza mama mchungaji anahama lini. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma nikaiacha mezani nikaenda kuchambua mchele, nikarudi nikaisoma tena.

Tuanze na hiyo miskoli maana naona ndo inakunyima usingizi. Mchungaji wa usharika anashinda na simu sikioni, nani anasoma somo la kwanza Jumapili, ufunguo wa ofisi anao nani, maturubai ya msiba wa mama fulani yamerudi au bado. Angekuwa hai ungempigia Jumatatu ukasema baba samahani, angekujibu aah nilishampata mwenzio, basi imeisha. Kifo ndo kimeikuza hiyo simu. Hukumtupa mtu, uliahirisha kama sisi wote tunavyoahirisha kila siku, mimi mwenyewe hapa kuna watu wanne sijawapigia.

Kuhusu usilie, hao wanaokwambia hivyo nadhani kilio chako kinawatisha wao. Yesu alilia kwa Lazaro, Yohana 11:35, na alikuwa anajua muda si mrefu anamfufua. Musa alipokufa Israeli walimlilia siku 30, soma Kumbukumbu la Torati 34, na Yoshua alikuwepo tayari keshawekewa mikono, hakuna aliyesema haya jamani kiongozi mpya huyu hapa futeni machozi. Wewe una siku 21 tu.

La kulishwa kitu mie silitaki kabisa. Kilichomuua atakisema daktari na familia yake. Ila presha inaweza kukaa na mtu miaka bila dalili yoyote afu siku moja ikamwangusha, na wachungaji wetu hawa nani anawapima? Alhamisi kalala msibani, Ijumaa kikao cha ujenzi, Jumamosi ndoa, Jumapili ibada mbili, Jumatatu tunasema ni siku yake ya kupumzika na saa kumi na mbili asubuhi tunamgongea mlango. Likianza hilo neno kwenye grupu la WhatsApp wewe toka kimyakimya, usibishane nao, maana likimfikia mjane ndo linageuka swali la nani alimpikia.

Sasa huyo mzee. Nyumba ni ya usharika, mama mchungaji analijua hilo kumzidi yeye, amekaa humo akijua sio yake. Habari ya kuhama ailete mkuu wa jimbo, yule kiongozi wa kanisa aliye juu ya sharika zenu, kwa staha na kwa muda unaoeleweka. Mzee akiuliza tena mwambie tu, "Mzee, hilo tumwachie mkuu wa jimbo," afu nyamaza.

Kama anataka kweli kuuliza kitu basi aulize cheti cha kifo. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30 na nyie zimebaki tisa, na bila kile cheti cha RITA, wale wa serikali wanaosajili vifo, huyo mama hela ya benki haigusi, mafao ya mfuko wa NSSF kama mchungaji alikuwa anakatwa hayasogei. Mjane wa wiki tatu hakumbuki hata alipoweka miwani sembuse ile karatasi ya hospitali. Hapo ndo pa kwako. Nenda kati ya wiki asubuhi, usimuulize unahitaji nini maana atasema hakuna, osha vyombo, afu mtafute hizo karatasi pamoja na umsindikize wilayani. Na ile simu mwambie. Yeye ndo mtu pekee aliyekuwa anamsikia akiongea na simu pale sebuleni, huenda akakwambia ilikuwa ya nini, na asipojua mtalia wote wawili.

Kanisani rudi ukiweza, wala sio lazima uanze na kwaya. Maana nimejiuliza, mama mchungaji yeye Jumapili hizi tatu kakaa benchi gani, na nani alikaa pembeni yake?

Ukienda hiyo siku beba sukari na majani ya chai. Vya msiba vitakuwa vimeisha wiki hii.

Shangazi