Kifaranga wa porini nimchanganye na wangu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Kigombe huku Tanga, kuna kuku walitoroka zamani wakaasi kabisa, wanalala juu ya miembe na kutaga vichakani pembeni ya mashamba ya mkonge, hawana mwenyewe. Juzi mwewe kawatimua wakatawanyika, mwanangu akanasa kifaranga mmoja, nakisia ana wiki moja hivi. Nimemweka kwenye boksi, analia usiku kucha na hali kitu. Nina koo ana vifaranga wanane umri huohuo, nimtie humo?
Mama wa watatu, Kigombe

JIBU: Marahaba mama. Usimtie, tafadhali sana. Najua kilio kile kinavyokata maini ila huyo hajachanjwa, mama yake hajachanjwa, na kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua, hakionekani usoni, leo kifaranga mzima kabisa, siku tano sita mbele ndo anaanza kuzubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na hapo ushawapoteza wanane na koo wao. Halafu hata bila ugonjwa, kifaranga wa wiki anaijua sauti ya mama yake na koo anawajua wanawe, anaweza kumdonoa kichwani mpaka amuue.

Mtenge siku 21, mbali na banda, wahudumie wako kwanza yeye mwisho, ukitoka kwake nawa mikono ubadili na ndala.

Ila peke yake hatapona, na hapa ndo wengi wanakosea wanadhani ni njaa kumbe upweke. Mtafutie mwenzie, ukikosa wa kununua toa mmoja kati ya wanane, ndio unamhatarisha huyo ila saba wanabaki salama, na asirudi kwa koo kabla siku 21 hazijaisha. Mwenzie akidonoa na yeye atadonoa. Wape mchwa wa kichuguu, hamna kifaranga wa porini anayekataa mchwa, pamoja na stata, chakula cha dukani cha vifaranga wadogo, maji kwenye kisosi chenye vijiwe wasizame.

Joto: chupa ya maji ya moto ifunge na khanga, badilisha usiku. Wakijikusanya wanalia, baridi, wakikaa mbalimbali midomo wazi, limezidi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hapana, hewa yake ya sumu inaua na nyie. Waweke kwenye tenga ulifunike juu, wa porini wanaruka mapema kuliko wa kwako.

Muulize afisa mifugo wa kata chanjo ya kideri ya I-2, inatengenezwa hapahapa Kibaha, ni tone moja jichoni na unarudia kila miezi mitatu, uchanje wote, hao wa bandani usiwasubirishe.

Siku 21 zikipita na wote wazima, weka tenga ndani ya banda siku tatu nne waonane kwanza, kisha wafungulie jioni giza likiingia. Akikua atautaka mwembe tu, kwa hiyo mkate manyoya marefu ya bawa moja, moja tu, na yakiota upya unakata tena.