Trekta dogo la nyasi na bustani: soma ardhi kabla hujasoma injini

Wengi wanaoniuliza kuhusu trekta dogo huanza na swali lilelile: nichukue la nguvu farasi ngapi? Si ajabu, kwa sababu namba hiyo ndiyo iliyobandikwa ubavuni mwa boneti. Mimi humrudishia mtu maswali yangu kwanza. Una nyasi kiasi gani? Ardhi yake imelala vipi? Na kati ya kukata nyasi na kuhamisha udongo, ni kazi gani itakayokuweka kwenye kiti kwa saa nyingi zaidi ndani ya mwaka?

Nauliza hivyo kwa sababu kazi hizi mbili zinavutana. Kukata nyasi kunataka trekta jepesi, lililo chini, lenye tairi pana zisizoacha alama. Kusawazisha ardhi, kusukuma changarawe na kuinua mawe kunataka uzito, nafasi ya kutosha chini ya tumbo, na tairi zinazong'ata. Nimefanya kazi zote mbili kwa miaka mingi na sijawahi kukalia trekta linalozimudu kwa ubora uleule, hata muuzaji aape vipi. Nunua kwa ajili ya kazi yako kubwa, kisha ile ndogo itafutie namna.

Anza na eneo. Mashine ya kukatia yenye upana wa mita 1.5, ikienda kilomita 6 kwa saa, ingemaliza mita za mraba 9,000 kwa saa moja kama mistari ingegusana tu na usingepoteza muda kugeuza. Lakini mistari lazima ipandane kidogo, kuna miti ya kuzunguka, kuna kona na vitanda vya maua. Weka 6,500 hadi 7,000 na utakuwa karibu na ukweli. Mwenye robo ekari hahitaji trekta. Mashine ya kawaida ya kukalia inamtosha. Ukiwa na ekari mbili na zaidi, pamoja na njia ya changarawe ya kutunza na udongo wa kuhamisha kila msimu, hapo trekta dogo linaanza kujilipa. Na kama una nyasi tupu, tambarare, bila udongo wa kugusa, chukua mashine ile inayogeukia palepale kwa tairi zake za nyuma. Kwa nyasi peke yake, inalishinda trekta kwa mbali.

Sasa turudi kwenye nguvu. Matrekta haya kwa kawaida huanzia nguvu farasi 15 hivi na kufika 50, na yale madogo kabisa huishia karibu na 25. Namba ya boneti ni ya injini. Kinachozungusha visu ni nguvu inayofika kwenye shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini kwenda kwenye kifaa kilichofungwa, na hiyo huwa pungufu, hasa kwenye trekta linaloendeshwa kwa mafuta ya haidroliki badala ya gia. Omba uonyeshwe namba ya PTO kwenye kitabu cha trekta. Kwa slasha ya kufyekea majani marefu na vichaka, mafundi wengi huhesabu nguvu farasi 5 za PTO kwa kila futi ya upana, yaani slasha ya futi tano inataka 25. Mashine ya kukatia nyasi fupi za bustani inaridhika na kidogo zaidi.

Upo mpaka mmoja unaostahili kujulikana: kilowati 19, sawa na nguvu farasi 25 hivi. Kanuni za moshi za Marekani na za Ulaya huzibana zaidi injini mpya za dizeli zinazovuka hapo, na nyingi huja na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi yake kwa joto kali, na ili joto hilo lipatikane injini inatakiwa ifanye kazi kweli. Trekta la kazi za dakika kumi kumi, linalounguruma muda mrefu bila mzigo, hulijaza chujio haraka. Ndiyo maana utakuta modeli nyingi zimesimama kwenye 24 na kitu. Kama kazi yako kubwa ni nyasi, usione aibu kubaki chini ya mpaka huo.

Jambo ambalo watu hawalisomi kwenye karatasi ni uzito. Matrekta mawili ya nguvu farasi 25 yanaweza kupishana kwa kilo mia tano, na tofauti hiyo utaihisi kila siku. Lile zito litavuta bamba la kusawazisha bila tairi kuteleza. Lile jepesi litapita juu ya nyasi zenye unyevu bila kuacha mifereji wala kushindilia udongo hadi mizizi ikose hewa. Mimi nikikuta nyasi ndiyo kazi kuu, huchagua jepesi, halafu nikihitaji kuvuta nafunga vyuma vya uzito kwenye rimu au najaza maji kwenye tairi za nyuma. Uzito wa kuongezwa unaweza kutolewa. Ule uliozaliwa na trekta hauondoki.

Tairi ni nusu ya trekta, na hapa sitanii. Zile za kilimo, zenye meno marefu yaliyopangwa kama mshale, hushika matope vizuri na huharibu bustani vibaya. Geuza mara moja kwenye nyasi laini, ushuke, uinamie pale tairi ya nje ilipopita: utaona vipande vya nyasi vimekatwa na kubinuliwa, mizizi ikiangalia juu. Zile za nyasi, pana na zenye vijino vifupi, hazifanyi hivyo, ila kwenye udongo ulioloa huteleza kama zimepakwa sabuni. Kati yao kuna zile zinazoitwa za viwandani, zenye ngozi nene, zinazovumilia kokoto na mzigo wa kijiko cha mbele cha kubebea udongo. Kwa mtu mwenye kazi mchanganyiko mimi humpeleka kwenye hizo za kati, kwa sharti kwamba hatakata nyasi mara baada ya mvua. Na ukiwa kwenye nyasi, zima mvuto wa tairi nne unapogeuka. Tairi za mbele zikivutwa huku zimekunjwa, huchuna ardhi hata ziwe laini namna gani.

Kuhusu gia, sitazunguka. Kwa kukata nyasi na kufanya kazi ya kijiko, chukua mwendo wa haidroliki wa pedali. Siku nzima ni mbele, nyuma, mbele, nyuma; mguu mmoja unafanya yote na klachi haiteseki. Gia za kawaida nazipendekeza kwa anayevuta kitu kimoja kwa masaa, kwa sababu hazipotezi nguvu njiani.

Mashine yenyewe ya kukatia inahitaji muda zaidi, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utaipenda kazi au utaikimbia. Ile inayoning'inia tumboni, kati ya tairi za mbele na za nyuma, ndiyo ninayoipenda kwa bustani yenye miti na kona. Unaiona unapokata, inageuka pamoja na trekta, na haiongezi mkia. Huzungushwa na shafti ya katikati, ambayo kwa kawaida huenda mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Tatizo lake ni kwamba inakula ile nafasi ya chini, kwa hiyo ukitaka kuingia kwenye kifusi au kupita juu ya visiki, lazima uivue. Muuzaji atakwambia inavuliwa kirahisi. Mwambie aivue na airudishe mbele yako, kisha uifanye wewe mwenyewe. Zipo ambazo trekta hupanda juu yake na kuidaka, na zipo zinazokulaza chali ukipapasa pini. Kazi hiyo utaifanya kila mara unapobadilisha kati ya nyasi na udongo, maisha yote ya trekta hilo.

Ile ya nyuma hushikwa na mikono mitatu ya kubebea vifaa iliyo nyuma ya trekta, na kuzungushwa na shafti ya mizunguko 540. Ni rahisi kuifunga na kuifungua, na tumbo linabaki wazi. Ila tairi hulaza nyasi kabla visu havijafika, na unapogeuka karibu na mti, mkia wake hutupwa upande wa pili na kubwaga usichokusudia. Slasha ni ya vichaka. Inaacha mkato mkali usiofaa bustani, na hurusha mawe. Iwe na minyororo ya kinga mbele na nyuma, na watu wakae mbali. Mashine ya nyundo, yenye vijinyundo vingi kwenye pipa linalozunguka, hurusha kidogo zaidi na inamudu nyasi ndefu na fupi, ila inadai nguvu na uvumilivu siku ya kunoa.

Sasa fungua boneti. Hili ndilo naliangalia kabla ya rangi na kabla ya kiti. Ukikata nyasi kavu wakati wa jua, vumbi na vipande vidogo vya majani huvutwa na feni na kunasa kwenye wavu ulio mbele ya rejeta. Hukaa tabaka juu ya tabaka hadi hewa haipiti tena, na mshale wa joto unaanza kupanda taratibu huku wewe ukiangalia mstari wako wa nyasi. Tafuta wavu huo uko wapi. Je, unachomoka kwa mkono kutoka ubavuni, au unahitaji spana na kufungua betri? Kama ni kwa mkono, utausafisha kila unapoona haja. Kama ni kwa spana, siku moja utaahirisha. Na rejeta yenyewe pulizia kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa hewa ya kiasi. Maji ya msukumo mkubwa hukunja mapezi yake.

Kijiko cha mbele ndicho kinachowavutia wengi, na ndicho kinachodanganya kwa namba. Uzito wa kuinua hupimwa wakati mwingine kwenye pini zinazoshikilia kijiko na wakati mwingine katikati ya kijiko, na ule wa kwenye pini siku zote ni mkubwa zaidi. Linganisha namba za mahali pamoja. Kijiko cha lita 200 kikijaa udongo mbichi hubeba kilo 300 na zaidi, mzigo ambao ni mkubwa kwa matrekta madogo kabisa. Na mzigo huo wote umekaa mbele ya ekseli ya mbele. Nyuma panakuwa pepesi, na kwenye mengi ya matrekta haya breki ziko kwenye tairi za nyuma tu. Kwa hiyo ukitumia kijiko, mikono ya nyuma ibebe kitu kizito muda wote, na kijiko kitembee chini, karibu na ardhi.

Kwa mikono hiyo mitatu tunamshukuru mvumbuzi wake, Harry Ferguson, ambaye trekta lake la TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, liliisambaza duniani. Hakikisha mikono ya trekta lako ni ya kipimo cha daraja la kwanza (Category 1), chenye pini za milimita 22 chini na 19 juu. Hapo utaweza kufunga reki, rotaveta au bamba la kusawazisha la mtengenezaji yeyote. Baadhi ya madogo kabisa yana daraja la chini ya hapo, na vifaa vyake ni vichache.

Kuhusu mteremko, naomba unisikilize kwa makini. Trekta hupinduka haraka kuliko mtu anavyoweza kuruka. Sweden iliagiza fremu za kinga, vyuma vinavyosimama kumlinda dereva trekta likipinduka, kwenye matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Fremu iwe imesimama na mkanda umefungwa. Fremu ikiwa imelazwa kwa sababu ya matawi, usifunge mkanda, na usipande kilima mpaka uisimamishe tena. Panda na ushuke wima badala ya kukata mteremko kwa ubavu, na ukiwa unashuka washa mvuto wa tairi nne ili za mbele nazo zishike. Trekta lisilo na fremu usilinunue kwa kazi ya bustani yenye mwinamo, hata kama ni zawadi. Na mtoto hapandi pajani, hata kwa kuzunguka mara moja.

Hilo la fremu linawahusu hasa wanaotafuta trekta lililotumika. Yapo mengi yaliyotoka kwenye mashamba ya mpunga ya Japani, ya chapa kama Iseki, Yanmar na Kubota, yenye injini ngumu zinazodumu. Mengi ya zamani hayana fremu, maandishi yake ni ya Kijapani, na modeli zake huenda hazikuuzwa rasmi nje, kwa hiyo ulizia spea kwa namba ya modeli kabla ya kutoa pesa.

Siku ya kwenda kuliangalia, mwambie mwenye trekta asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Liwashe likiwa baridi na utazame moshi. Inua mikono ya nyuma ikiwa na mzigo, zima injini, na uiache hivyo. Ikishuka haraka, sili au vali za haidroliki zimechoka. Shika shafti ya PTO uitikise, uangalie meno yake kama yamelika. Tikisa tairi za mbele kwa juu na kwa chini, na upitishe kidole chini ya ekseli kutafuta oili. Kisha kata nyasi nalo. Usizunguke uwanjani tu. Funga mashine, shusha visu, ufanye kazi kwa nusu saa kwenye nyasi za kweli, ukiangalia mshale wa joto na ukisikiliza kama injini inalemewa. Muuzaji akikukatalia nusu saa hiyo, nenda kwa mwingine.